Kusoma kwa Mtumishi Mdogo wa Wagonjwa

Mwezi huu twataka kuuliza swali ambalo kwa kulitazama juu juu laonekana dogo, walakini ndani yake mna jambo zito. Yule mtumishi mdogo wa zahanati, anayefagia chumba cha wagonjwa, anayeosha vidonda, anayepima joto la mtoto na kuandika majina daftarini, je, naye yampasa kusoma? Au yatosha ashike ufagio na bandeji kwa uaminifu, atii anayoagizwa, na vitabu awaachie wakubwa wake? Na kama yampasa kusoma, asome kwa ajili ya nani: kwa ajili yake mwenyewe ili apande cheo, au kwa ajili ya mgonjwa?

Swali hili latuhusu sisi watu wa Kinyangiri kuliko liwahusuvyo watu wa mijini. Kwetu huku Mkalama, nchi iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Iramba mpaka ilipofanywa wilaya ya peke yake mwaka 2012, hospitali hatukunyimwa: iko Iambi, iko Kiomboi, na kule upande wa Mbulu iko Haydom, iliyofungua milango yake mwaka 1955. Twamshukuru Mungu kwa ajili yake zote. Lakini kati ya nyumba ya mgonjwa na hospitali kuna mwendo, na wakati wa mvua udongo mweusi wa mbugani hushika magurudumu na miguu pia. Mama mwenye mtoto anayetapika usiku hakutani kwanza na daktari. Hukutana na yule mdogo. Neno la kwanza atakaloambiwa hapo ndilo litakaloamua kama atangoja mpaka asubuhi au ataondoka saa ile ile. Kwa hiyo elimu ya mtumishi yule si mali yake peke yake, wala ujinga wake si hasara yake peke yake.

Kazi hii si ngeni katika nchi yetu. Katika miaka ya 1920 Serikali ya Tanganyika ilianza kuwafundisha vijana wa vijijini kazi ya udresa, wakawekwa katika zahanati ndogo ndogo zilizolipiwa na hazina za wenyeji. Katika miaka hiyo hiyo wamisionari wa Kilutheri wa Augustana, kutoka Marekani, walifika Iramba, na kazi ya kufundisha watu kusoma ikaenda pamoja na kazi ya kuwauguza. Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, zahanati za vijijini ziliongezwa, na waganga wasaidizi wa vijijini wakafundishwa kwa wingi. Na juzijuzi, tarehe 31 Januari 2024, Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao shabaha yake ni kupata wahudumu 137,294 katika muda wa miaka mitano. Mpango wao ni kufundishwa kwa miezi sita, kisha kurudi kuwatumikia watu wao.

Miezi sita ni muda mzuri wa kuanzia. Lakini mtu hatatumika miezi sita. Huenda akatumika miaka thelathini. Basi swali letu ni la mwezi wa saba: mwalimu wake akiisha kumwacha, ni nani atakayemfundisha?

Wapo wasemao, “Kazi ya mtumishi mdogo ni utii. Mganga anajua, yeye na afuate.” Neno hili lina ukweli wake, maana zahanati isiyo na utii ni kama boma la ng'ombe lisilo na mlango. Walakini utii wa mtu asiyejua sababu ni utii wa machoni. Mwaka 1847, katika hospitali moja ya mji wa Vienna, daktari Ignaz Semmelweis alihuzunika kuona ya kuwa akina mama waliozalishwa katika chumba cha madaktari walikufa wengi kuliko wale waliozalishwa katika chumba cha wakunga. Alipochunguza, akatambua ya kuwa madaktari wale walitoka kupasua maiti wakaingia moja kwa moja kwa akina mama, na mikono yao ilichukua uchafu usioonekana kwa macho. Akaamuru wanawe kwa maji yenye klorini, na vifo vikapungua sana. Hata hivyo wenzake wengi, watu wenye elimu kubwa, hawakukubali maneno yake.

Hapa pana mafundisho mawili. La kwanza, mwenye elimu kubwa aliyeacha kujifunza aweza kudhuru kuliko mdogo anayejifunza. Basi wajibu wa kujifunza haupimwi kwa ukubwa wa cheo. La pili, anayenawa kwa kuwa ameamriwa hunawa msimamizi akiwapo. Bali anayejua kwa nini ananawa hunawa hata usiku wa manane, ambapo hakuna amwonaye ila Mungu na mgonjwa aliyelala. Kusoma hakuondoi utii. Kusoma huutia utii mizizi.

Tena, dawa zenyewe hubadilika. Wazee wetu wakumbuka klorokwini, dawa chungu iliyowawasha watu wengi mwili mzima. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa dawa ya malaria, na aliyeitoa alifanya vema. Lakini vijidudu vya malaria vikaizoea, watoto wakawa wanaimeza na homa haiondoki. Mwaka 2001 Serikali iliiacha, ikaweka SP mahali pake; na mwisho wa mwaka 2006 SP nayo ikaondolewa katika kazi ile, ikabaki kwa kuwakinga wajawazito, na wagonjwa wakaanza kupewa dawa mseto. Sasa mfikirie mtumishi aliyefundishwa mwaka 1995, akayashika sana aliyofundishwa, asisome wala asisikilize neno jingine. Mwaka 2007 uaminifu wake ungemfanya kuwa mtetezi wa dawa iliyokwisha nguvu. Hakusema uongo, hakuiba, hakuchelewa kazini. Kosa lake ni moja tu: alidhani ya kuwa kilichofaa siku ile kitafaa siku zote. Mungu habadiliki; dawa hubadilika. Tusivipe vidonge heshima iliyo ya Mungu.

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 18, mna habari ya Apolo, mtu hodari wa kusema na mjuzi wa Maandiko. Aliyoyafundisha yalikuwa kweli, lakini hayakutimia, kwa maana alijua ubatizo wa Yohana tu. Akila na mkewe Prisila, watu wa kazi ya kushona mahema, walipomsikia hawakumwaibisha mbele ya mkutano. Walimchukua kwao, wakamweleza yale yaliyompungukia. Wala hatusomi kwamba Apolo alikasirika, akauliza ni nani hawa mafundi wa mahema hata wamfundishe msomi. Twasoma kwamba alikwenda Akaya na kuwasaidia sana walioamini. Twaona hapa mfano wa mtu aliyejua kitu, akakubali kujua zaidi. Na kwa mtumishi aliye mbali na chuo, kitabu kizuri ni kama nyumba ile ya Akila na Prisila: huingia humo na alichonacho, akatoka na kilichompungukia, wala hakuna aliyemcheka.

Mwingine atasema, “Mgonjwa hataki vitabu, ataka upendo. Mtu mwenye huruma yatosha.” Tumjibu kwa upole, kwa kuwa neno lake ni jema. Lakini tumkumbuke Msamaria wa mfano wa Bwana wetu. Huruma yake haikuishia moyoni. Alijua ya kumimina juu ya vidonda, alijua kuvifunga, alijua kumpandisha mtu aliyevunjika juu ya mnyama bila kumwua, tena alijua wakati wa kumkabidhi kwa mwingine na kulipa gharama. Huruma ilimsimamisha njiani. Maarifa ndiyo yaliyoiongoza mikono yake. Kuhani na Mlawi walipungukiwa na huruma. Lakini kama angalipita mtu wa nne mwenye huruma asiyejua kufunga jeraha, yule majeruhi angalikufa akililiwa.

Jambo hili lilithibitika mbele ya macho ya watu mwaka 1971. Vita vilipowakimbiza mamilioni ya watu kutoka Bangladesh kwenda India, kipindupindu kiliingia katika kambi zao. Huko Bangaon daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutia mishipani, na wagonjwa walikuwa wamelala chini wengi mno. Ndipo alipochanganya chumvi na sukari ya glukosi katika maji kwa kipimo, akawapa ndugu za wagonjwa na wasaidizi wawanyweshe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Na tukumbuke, watoto waliokufa kabla ya hapo hawakukosa mama wa kuwapenda. Upendo ulikuwapo, umeketi kando yao usiku kucha. Kilichokosekana kilikuwa kipimo. Na hata leo wako wanaomnyima maji mtoto anayeharisha, wakidhani ya kuwa maji ndiyo yanayozidisha kuhara. Nao hufanya hivyo kwa sababu wampenda. Ni nani atakayewaambia, kama yule mtumishi wa jirani naye hajui?

Sasa twafika kwenye shaka ya pili. Mtume Paulo alionya ya kuwa ujuzi waweza kumpa mtu kiburi, na sisi wenyewe twajua ya kuwa onyo hili si la bure. Wako watu waliosoma kurasa kumi wakajiita madaktari, wakachoma sindano wasizoruhusiwa, wakauza dawa nyuma ya nyumba. Watu wakiwaona hao husema, “Afadhali asiyesoma.” Lakini tutazame vizuri ugonjwa wa mtu huyu ni nini. Yeye hakuharibiwa na kusoma. Aliharibiwa na kukoma kusoma. Alisoma mpaka mahali panaposema dawa gani, akafunga kitabu kabla ya kufika mahali panaposema hatari gani.

Kusoma kwa kweli humwonyesha mtu mpaka wake. Miongozo ya kutibu watoto husema wazi: mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, mtoto anayetapika kila kitu, mtoto aliyepata degedege, mtoto aliyelegea hata haamki, huyo yumo katika hatari, na yampasa kupelekwa upesi kwa mwenye uwezo mkubwa zaidi. Mtumishi aliyeyasoma haya akayaweka moyoni hamchelewishi mtoto huyo kwa vidonge viwili na maneno ya faraja. Husema, “Mama, hili limenizidi, twende sasa.” Kusema hivyo mbele ya watu wanaokuita daktari ni kazi ngumu, yataka unyenyekevu, na unyenyekevu huo hauji kwa kutokujua. Asiyejua lolote hawezi kujua ya kuwa limemzidi. Basi ujuzi unaoleta majivuno na ujuzi unaoleta unyenyekevu watoka katika kitabu kimoja. Tofauti yao ni kama mtu alisoma ili aonekane au alisoma ili mgonjwa apone.

Shaka ya tatu ndiyo iliyo nzito kuliko zote, na wazee huitaja kwa uchungu: “Tukimsomesha atatuacha.” Hatuwezi kuipuuza. Mtumishi mdogo akisoma kwa bidii, akapata cheti, huenda akaitwa Singida mjini, au Dodoma, au Mwanza. Kijiji kilichomlea hubaki na mlango uliofungwa, na mama wa usiku ule ule hugonga asijibiwe. Je, si haki basi kijiji kumtaka abaki kama alivyo?

Tufikiri pamoja. Tangu mwaka 1963, kwa miaka mingi, nchi yetu ilikuwa na njia ya kuwapandisha waganga wenye uzoefu wa kazi wawe madaktari wasaidizi, na wengi wao walikuwa wameanzia madaraja ya chini. Hao ndio waliobeba mzigo mkubwa wa kupasua akina mama walioshindwa kujifungua katika hospitali za wilaya. Mwaka 2009 ulichapwa uchunguzi uliofanywa katika mikoa ya Mwanza na Kigoma, ukilinganisha kazi yao ya upasuaji wa uzazi na kazi ya madaktari waliotoka vyuo vikuu, na haukuona tofauti ya maana katika usalama wa akina mama na watoto wao. Maana yake ni nini? Ni kwamba mama fulani wa Kigoma yu hai leo kwa mikono ya mtu ambaye hapo kwanza alikuwa mtumishi wa mahali pengine, na watu wa mahali pale walimwacha aende. Vivyo hivyo, anayetupokea sisi Kiomboi au Haydom, yeye naye aliondoka kwa watu wake. Kama kila kijiji kingemfunga mtu wake, hospitali zote zingekuwa tupu, nasi tungekuwa na mtumishi mdogo mlangoni lakini hatuna mahali pa kutupeleka.

Tena mtu si mbuzi wa kufungwa kwa kamba fupi ili asile majani ya mbali. Mungu aliyempa akili hakumpa kijiji peke yake. Bwana wetu katika mfano wa talanta alimkemea yule aliyefukia alichopewa ardhini. Je, atatusifu sisi tukimfukia mtu mwenyewe? Wala tusione ya kuwa kutaka cheo ni dhambi. Mtumishi mdogo ana watoto wanaotaka chakula, ana karo, ana wazazi wazee. Anayefanya kazi astahili ujira, na ujira wa haki mara nyingi hupatikana kwa kupanda daraja. Anayemwambia, “Tumika kwa ajili ya Mungu tu,” naye mwenyewe apokea mshahara wake mwisho wa mwezi, hajasema kwa haki.

Lakini anayeondoka naye ana deni. Eliya alipokaribia kuondoka alikwisha kumpata Elisha, na vazi lake halikuanguka mahali pasipo na mtu. Hali kadhalika yule anayekwenda chuoni asiondoke kabla hajamfundisha mwingine yale ayajuayo: jinsi ya kuandika daftari, jinsi ya kuchemsha vyombo, dalili za hatari, nyumba zenye wajawazito na wazee wasioweza kutembea. Daftari lake la mafunzo alilolijaza kwa miaka mitano alipeleke kwa nani? Alinakili, amwachie aliyebaki. Na kijiji kwa upande wake kisiwasifu wale tu walioondoka. Tuna tabia ya kumpigia vigelegele aliyekwenda mjini, na yule aliyebaki akasoma kila jioni kwa ajili yetu hatumsalimu hata kwa jina lake. Huyu naye na aheshimiwe, alipwe kwa wakati, na apewe nafasi ya kujifunza, ili kubaki kwake kusiwe adhabu ya wema wake.

Basi, tukiisha kukubali ya kuwa yampasa kusoma, asome nini, na kwa njia gani? Sisi ni walimu, na katika jambo hili twaweza kutoa mashauri machache.

Kwanza, asome kidogo kila siku, wala asingoje siku ya nafasi, kwa maana siku hiyo haiji. Ukurasa mmoja baada ya chakula cha jioni ni kurasa 365 kwa mwaka. Kuna kitabu kinachojulikana sana katika lugha yetu kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari. Mwandishi wake, David Werner, hakuwa daktari; alikuwa mtu wa elimu ya viumbe aliyekaa na wakulima wa milimani huko Mexico. Kilitoka kwanza kwa Kihispania mwaka 1973, kisha kwa Kiingereza mwaka 1977, na baadaye kikafasiriwa kwa Kiswahili. Kimewasaidia watu wengi, kwa kuwa kiliandikwa kwa ajili ya watu wa vijiji kama vyetu. Lakini msomaji akumbuke habari ya klorokwini. Nakala ya zamani yaweza kuwa na dawa zilizokwisha kuachwa. Kwa hiyo ayalinganishe ayasomayo na miongozo ya sasa ya Wizara ya Afya, na penye shaka amwulize mganga wake. Kuuliza si ujinga.

Pili, asiogope lugha. Miongozo mingi ya matibabu imeandikwa kwa Kiingereza, na mtumishi mdogo aliyesoma shule ya msingi akikifungua kitabu hicho huona ukuta. Lakini ukuta hubomolewa kwa tofali moja moja. Awe na daftari dogo la maneno. Kila siku aandike maneno matatu na maana yake. Na hapa sisi walimu tuna deni. Mwalimu wa shule iliyo karibu na zahanati ashindwe nini kumpa mtumishi yule saa moja kwa juma, wakisoma pamoja ukurasa mmoja? Anayemfundisha mtumishi kusoma maneno yaliyo juu ya chupa ya dawa, amewafundisha wote watakaoinywa.

Tatu, asisome peke yake. Mwaka 1973 nchi yetu ilifanya jambo ambalo mataifa mengi yalilistaajabia. Katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu karibu milioni mbili walikutana katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaondoka pamoja kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kandokando ya nyumba. Asiyejua kusoma alisikiliza. Anayejua alisoma kwa sauti. Kwa nini tusifanye hivyo tena kwa udogo wake? Baada ya ibada au katika kikundi cha akina mama, mtumishi wa zahanati na asome nusu saa juu ya kuhara, au juu ya dalili za hatari kwa mjamzito. Atakayefaidi zaidi ni yeye mwenyewe, kwa kuwa hakuna njia ya kulijua jambo kama kulieleza mbele ya mama mzazi anayeuliza maswali.

Nne, kama ataka kupanda, aijue ngazi kabla ya kuikanyaga. Vyuo vya afya kwa kawaida hudai ufaulu wa kidato cha nne, pamoja na masomo ya sayansi kama Baiolojia na Kemia. Ambaye hakusoma sekondari hajafungiwa mlango: iko njia ya Mtihani wa Maarifa, ambao humwezesha kwenda mbele mpaka mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Njia hiyo ni ndefu, na wako wanaochoka katikati. Kisha huja cheti, baadaye stashahada, na kwa aliyejaliwa, shahada. Lakini asiyesoma ukurasa mmoja kwa ajili ya mgonjwa wa leo, akingoja kusoma kwa ajili ya cheti cha kesho, ajihadhari: tabia ya kusoma hainunuliwi siku ya kuingia chuoni.

Tano, simu ya mkononi imekuwa kitabu cha wengi. Yaweza kumletea mtumishi mafunzo ya Wizara mpaka mlangoni kwake. Yaweza pia kumletea uvumi wa kila namna, mizizi inayoponya magonjwa yote, na dawa za siri za watu wasiojulikana. Asome, lakini aulize kwanza: ni nani asemaye, na amejuaje?

Twataka kuwaambia neno wale walio juu yake pia. Kitabu cha mwongozo kilichofungiwa kabatini, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliyesafiri, ni kama dawa iliyomwagwa. Na aliyekwenda semina asirudi na posho na mfuko tu. Arudi na maneno, awaeleze wenzake wote mpaka yule anayefagia. Yako mazoea ya kuficha maarifa ili mdogo asije akakulingana. Mazoea hayo ni wizi, na anayeibiwa ni mgonjwa.

Tulianza kwa kuuliza kama mtumishi mdogo yampasa kusoma, na kwa ajili ya nani. Jibu letu ni kwamba yampasa, kwa sababu kila anayekubali kuushika mwili wa mgonjwa amekopa imani ya mtu huyo, na deni la imani hulipwa kwa maarifa. Mgonjwa hawezi kuyapima maarifa yale. Yeye hunyosha mkono tu. Anayeunyoshewa mkono huo katika giza, naye ajua ya kuwa hajafungua kitabu tangu alipotoka mafunzoni, atawezaje kuupokea bila kuona haya? Cheo kikija, na kije, nasi tutamfurahia. Lakini kisipokuja, deni lake halifutiki, wala heshima yake haipungui. Kila jioni na ajiulize neno hili moja: mgonjwa wa leo alipata nini kutokana na niliyoyasoma jana? Nasi wanakijiji tujiulize letu: tulimpa nini mtumishi wetu ili aweze kusoma, taa, saa moja ya kupumzika, kitabu, au hata neno la kumtia moyo?

Mungu awabariki wote wawahudumiao wagonjwa, wakubwa kwa wadogo, na awape moyo wa kujifunza mpaka mwisho wa kazi yao.